Umepangiwa kozi huitaki? Mzuka hauji wenyewe

Selekisheni zikitoka tu naanza kupata meseji za madogo, kaka nilitaka udaktari nimedondokea chaguo la tatu, siipendi hii kozi nifanyeje. Kuhama kupo, ila dirisha la kuhama linafungwa mapema na vigezo viko palepale, halafu uulize kwanza mkopo wako utaathirikaje. Ikigoma, soma hapa.

Mi nimesoma takwimu na haikuwa chaguo langu la kwanza. Nilichokiona pale chuo ni kwamba watu wanasubiri waipende kozi ndo waanze kusoma, kumbe mapenzi yanakuja ukishaanza kuelewa kidogo. Na kinachoua kuelewa ni madesa, yaani zile notsi na majibu yaliyoandaliwa tayari. Sisemi desa ni baya, wote tumekula madesa, ila ukianza nalo unasoma majibu ya maswali ambayo hujawahi kujiuliza, lazima uboreke. Geuza. Tafuta past pepa wiki ya kwanza kabisa, hata kama huelewi kitu, chukua swali moja uende nalo lekcha, utashangaa ghafla unamsikiliza mwalimu kwa sababu kuna kitu unakidai kwake.

Halafu usidharau koswek, zile alama za testi na kazi za muhula. Vyuo vingi ni 40 za koswek kwa 60 za UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ukiingia UE na koswek nzuri hata usingizi unaupata, na mtu asiye na hofu ya sapu (kurudia mtihani) anasoma vizuri kuliko anayekesha kwa presha. First class inaanzia GPA ya 4.4 na upper second 3.5, na usidanganyike kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira, vyuo vingi matokeo yake yanahesabiwa.

Diskasheni pia, ila ya watu wanne watano, sio kijiwe cha kimbweta kizima ambapo mmoja anaongea wengine wanachati. Jipangie topiki moja uwafundishe wenzako. Probability ilinikalia kichwani siku nilipobanwa maswali na wenzangu, sio siku niliyofundishwa.

Ila tuseme ukweli, kuna wahadhiri wanasema wanafunzi wa siku hizi wavivu na hapo hapo bumu, hela ya mkopo ya kujikimu, limechelewa, mtu anapiga pasi ndefu, hajala tangu jana. Hela ya kula na malazi ya Bodi ya Mikopo ilipanda 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, sawa, lakini inakuja kwa mkupuo na wengi inaishia kwenye simu mpya wiki ileile. Likiingia lipa chumba, nunua mchele na unga kwanza, njaa ikishaingia hamna ushauri wa motisha utakaokusaidia darasani.

Na mwalimu mwenye muda wa kuonana na wanafunzi nenda kamuone ofisini, ila nenda na swali moja umeliandika na ulipokwamia, maana ukimwambia hujaelewa topiki nzima atakurudisha kwenye slaidi.