Kulinda usikivu wakati wa kupandikiza kifaa cha mizani ya mwili

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba mizani ya mwili wako imepotea katika masikio yote mawili baada ya kutibiwa kwa jentamaisini (dawa ya kuua bakteria inayoweza kudhuru sikio la ndani), kwamba bado unasikia vizuri, na kwamba unataka kujua kama usikivu huo utanusurika ukipandikizwa kifaa cha mizani, yaani kile kinachopeleka umeme kwenye neva ya mizani kupitia nyaya ndogo ziitwazo elektrodi. Kazi yangu ni kupima usikivu, na kwa miaka mingi nimekuwa nikikaa kwenye mashine ya vipimo katika chumba cha upasuaji wakati madaktari wakipandikiza vifaa vya kusaidia kusikia ndani ya koklea, sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti, kwa wagonjwa wenye mabaki ya usikivu. Mengi ya nitakayoyasema yametoka huko, kwa kuwa aina zote mbili za upasuaji zinafungua sikio lilelile la ndani.

Wagonjwa wengi hudhani kwamba hatari ni daktari kukata neva ya kusikia kwa bahati mbaya, lakini hatari kubwa zaidi imo katika majimaji. Koklea na mifereji mitatu ya mizani ni kama vyumba vya nyumba moja visivyo na milango: majimaji yaliyo nje ya utando mwembamba uliomo ndani yake, yaitwayo perilimfu, yana sodiamu nyingi, ilhali endolimfu iliyo ndani ya utando ina potasiamu nyingi, na seli za kusikia hufanya kazi kwa kutegemea tofauti hiyo. Utando ukichanika kwenye mfereji, majimaji hayo yakachanganyika, seli za koklea zinaweza kunyamaza ingawa hakuna chombo kilichozifikia.

Hata hivyo, kuufungua mfereji si lazima kulete uziwi. Madaktari wamekuwa wakiziba mfereji wa nyuma kwa wagonjwa wa kizunguzungu sugu kinachotokana na mkao wa kichwa, na wengi wao hubaki wakisikia. Ugumu wa kifaa cha mizani ni kwamba elektrodi lazima zifike karibu na ampula, mahali ambapo nyuzi za neva huingia, zisiukandamize utando, kisha zikae humo daima. Ndiyo maana madaktari wa Geneva (Uswisi) na Maastricht (Uholanzi) walianza na masikio yaliyokwisha kupoteza usikivu. Katika ripoti ya mwaka 2021 ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani kuhusu watu 8 waliopandikizwa kifaa hiki, watano walibaki na usikivu uliokaribia ule wa awali baada ya miezi sita, na watatu walipoteza sehemu kubwa sana katika sikio lililopasuliwa. Kwa maoni yangu, mtu anayesikia vizuri asikubali upasuaji huu kabla hajalitafakari jambo hilo la watatu kati ya wanane kwa utulivu.

Yanayofanyika kupunguza hatari yanaanza mapema. Kekee haipaswi kugusa vifupa vya sikio la kati, kwa sababu mtetemo wake hupita moja kwa moja hadi koklea. Mfupa wa mfereji hukwanguliwa polepole hadi libaki tabaka jembamba tu, vumbi la mfupa na damu husafishwa kabla ya kufungua, na tundu huwa dogo kadiri elektrodi inavyoruhusu. Baada ya hapo mrija wa kufyonza hauelekezwi kwenye tundu hata kidogo; nimewahi kuona mstari wa kipimo changu ukishuka mara tu perilimfu ilipofyonzwa. Elektrodi huingizwa taratibu, kisha tundu huzibwa kwa kipande cha tishu ya mgonjwa mwenyewe. Madaktari wengi hutoa pia deksamethasoni, dawa ya aina ya steroidi, ili kutuliza uvimbe.

Wakati huo mimi hupeleka sauti katika tundu la sikio na kurekodi umeme unaotoka kwenye seli za koklea. Mwitikio ukipungua, namwambia daktari asimame, naye hungoja au huirudisha elektrodi nyuma kidogo, na mara nyingine mwitikio hurudi. Mwitikio mzuri mwishoni mwa upasuaji, hata hivyo, hautoi dhamana: kovu na uvimbe vinaweza kupunguza usikivu wiki au miezi baadaye, kwa hiyo uliza mapema ni nani atakayekupima, na kwa muda gani.

Kuhusu sikio la kuchagua, kama masikio yako hayalingani, kwa kawaida hupasuliwa lile linalosikia vibaya zaidi, mradi neva yake ya mizani iwe bado inaweza kuitikia umeme. Lililo bora liachwe. Ukipoteza usikivu upande mmoja utapata shida kutambua sauti inatoka wapi na kuelewa maneno penye kelele, lakini utaendelea kuzungumza na watu.

Siku za mwanzo baada ya upasuaji usitishwe na sikio kuziba, kwani damu na majimaji yaliyo nyuma ya kiwambo cha sikio hupunguza sauti bila koklea kuumia. Omba upimwe kwa njia ya mfupa, yaani kwa mtetemo unaopita kwenye fuvu hadi koklea, na si kwa hewa peke yake. Uma wa sauti (chuma chenye ncha mbili kinachotoa mlio kikigongwa) ukiwekwa katikati ya paji la uso, ukausikia zaidi katika sikio lililopasuliwa, kwa kawaida hiyo ni dalili ya kuziba tu. Ukiusikia zaidi upande wa pili, mwarifu daktari siku hiyohiyo, kwa sababu tiba ya steroidi haifai kucheleweshwa.