Soksi Ndizo Zilizoniambia

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema kila mteja unayemtengenezea simu, ukimuuliza kama ameridhika, anajibu "safi tu, fundi", kisha haonekani tena. Umepunguza bei, umebadilisha bango, wapi! Sasa unaniuliza mimi, ambaye sijawahi kufungua hata kifuniko cha simu, unakosea wapi.

Wavikumbuka viatu vyako vya darasa la tatu? Mimi ninavikumbuka. Kila asubuhi nilikuuliza, "Vinakubana?" Nawe, "Havibani, mama." Ulijua hela ni ya shida, hukutaka kunizidishia mzigo. Siku ya kufua nikageuza soksi zako, nikakuta damu kwenye kisigino. Tangu hapo sikukuuliza tena habari za viatu. Nikawa naangalia soksi.

Wateja wako ni walewale. Mtu mmesimama uso kwa uso hakwambii umemuudhi: ama anaona haya, ama ana haraka, ama haoni faida ya kubishana na fundi aliyeshika simu yake. Achana na "umeridhika?" Tafuta soksi zao. Simu ngapi zimerudi na ubovu uleule? Ni wangapi walikupigia kuulizia simu zao kabla hujawapigia wewe? Mara ngapi umesema "njoo kesho", kesho ikafika simu haijaguswa? Yaandike hayo kwenye daftari mwezi mzima. Mimi namshuku huyo "njoo kesho". Hata nyumbani ulikuwa mtu wa "sasa hivi, mama", na sasa hivi yako ilifika jioni. Bei nafuu haimfupishii mtu kusubiri.

Kuna Mjapani mmoja, Sakichi Toyoda, aliyekua akimwona mama yake akifuma nguo kwa mkono. Mwaka 1891 alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kitanda cha mfumi cha mbao, kile chombo cha kufumia nguo, na baadaye akatengeneza mtambo wa kufuma unaosimama wenyewe uzi ukikatika. Bila hivyo mashine huendelea kufuma nguo mbovu mpaka mtu aje kugundua. Wazo hilo lilirithiwa na kiwanda cha magari cha Toyota, kilichoanzishwa na mwanawe Kiichiro mwaka 1937: mfanyakazi akiona kasoro anavuta kamba, na isipotatuliwa upesi kazi inasimama.

Kwako wewe, simu iliyorudi ni uzi uliokatika. Usiibandike haraka haraka ukaendelea na nyingine. Simama. Spea ile ilitoka wapi? Nani aliijaribu kabla ya kumkabidhi mwenyewe? Ukikuta kila mmoja alidhani mwenzake ameijaribu, basi umepata pa kuanzia, na hapo hapahitaji bango.

Halafu mpe rafiki yako simu mbovu, yule ambaye vijana wako hawamjui, aje nayo akae kwenye benchi kama mtu baki. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wewe hilo benchi hujawahi kulikalia. Akitoka, asikusifie, akuhesabie dakika tu.

Ukimaliza, niandikie. Na ile simu yangu uliyonitengenezea, spika bado inakwaruza. Niliposema "haina neno, mwanangu", nawe ukaamini?

Mama yako