Kila nikiandika nazidi kuumia, na wifi yangu mpekuzi

Mwanangu wa Chake Chake,

Umesema mumeo yuko kazini Unguja, unaishi na mkweo na mawifi, usingizi hauji kwa mawazo. Shoga yako akakushauri uwe na daftari la maisha yako. Umeandika kila usiku, kurasa tatu nne, na machungu yamezidi. Tena unachelea wifi yako asilifume.

Daftari halina kosa, ila unalitumia kupita kiasi. Ukiandika "mkwe kaniita mvivu" kila usiku unaolala, unajitukana mwenyewe kwa niaba yake.

Mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, alianza kupima jambo hili miaka ya 1980, na utaratibu wake ni mfupi: dakika 15, siku 4 mfululizo, basi. Wanafunzi walioandika hivyo juu ya yaliyowaumiza walikwenda kwa daktari mara chache zaidi miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya juujuu. Si dawa ya kila mtu, lakini haina gharama.

Siku ya kwanza chagua tukio moja tu. Nani kasema nini, wewe ulijibu nini, moyoni ulihisi nini. Ya pili na ya tatu rudia tukio lilelile, ila ujilazimishe sentensi zenye "kwa sababu" na "sasa naona". Hapo ndipo kazi ilipo. Bila ya hizo unazunguka palepale. Ya nne, lieleze kama angelieleza mkweo. Utachukia, lakini liandike. Tega simu ilie dakika 15 zikisha; ikilia, acha hata katikati ya neno. Imla usiijali, huko si skuli.

Unyonge wa saa moja au mbili baadaye ni wa kawaida, kwa hivyo andika alasiri, si kitandani. Ukiona jambo linakushinda kabisa, liache, uandike jengine. Yakija mawazo ya kujidhuru, weka kalamu, mwambie mtu siku hiyohiyo na uende hospitali.

Kitandani andika kitu chengine: dakika 5, orodha ya kazi za kesho, moja moja. Unga, sare za mtoto, deni la duka. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2018 ulikuta walioandika ya kesho walipata usingizi kama dakika 9 mapema kuliko walioandika waliyokwisha kuyafanya.

Kuhusu wifi, tumia karatasi za kuchana, ukimaliza zitie motoni chini ya chungu. Faida iko katika kuandika, si katika kuhifadhi. Usiandike kwenye simu kama watoto wanaichezea.

Kinachobaki daftarini kiwe mistari miwili kwa wiki: tarehe, ugomvi, na kilichoutangulia. Baada ya miezi miwili soma yote kwa mpigo. Pengine utakuta maneno huanza kila matumizi yanapochelewa kutoka Unguja, na hilo wa kulitatua ni mumeo. Akija, usimpe daftari. Mwambie kwa mdomo, jambo hilo moja, na si usiku aliposhuka boti.