Tani za gesi ya volkano hupimwaje?

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba volkano inaweza kutoa maelfu ya tani za gesi kwa siku. Gesi haiwekwi kwenye mizani. Uzito huo hujulikanaje? Na gesi ikipungua, je, hatari nayo imepungua?

JIBU: Kinachopimwa hasa ni mwanga. Dioksidi ya salfa, ile gesi yenye harufu kali kama ya njiti ya kiberiti inapowashwa, hufyonza sehemu ya mionzi ya urujuanimno ya jua. Mtaalamu hufunga spektromita, yaani chombo cha kupima mwanga, kwenye gari, mashua au ndege, akaielekeza juu na kupita chini ya wingu la volkano kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, huku chombo kikirekodi mionzi iliyofyonzwa njia nzima. Hapo hupatikana uzito wa gesi katika kipande cha wingu, ambao huzidishwa kwa kasi ya upepo. Tuseme kipande chenye unene wa mita 1 kina kilo 4, na upepo unakwenda mita 10 kwa sekunde: hizo ni kilo 40 kila sekunde, yaani tani 3,456 kwa siku. Kama upepo kwa kweli ulikuwa mita 5, tani zote hizo zinapungua kwa nusu, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye udhaifu mkubwa wa kazi hii.

Hewa ukaa haipimiki hivyo, kwa kuwa tayari imetapakaa angani kote. Vihisio huwekwa kwenye ukingo wa kreta vikapima gesi zote mbili kwa pamoja, kisha uwiano wake huzidishwa kwa tani za dioksidi ya salfa.

Ama kuhusu kupungua, tafadhali usilichukulie kuwa nafuu. Katika mlima Pinatubo, Ufilipino, mwaka 1991, dioksidi ya salfa ilipanda kutoka takriban tani 500 kwa siku tarehe 13 Mei hadi zaidi ya 5,000 tarehe 28 Mei, kisha mwanzoni mwa Juni ikashuka hadi mia chache tu. Wataalamu, waliokuwa wakifuatilia pia mitetemeko ya ardhi, walitambua kwamba huenda njia ya gesi ilikuwa imeziba na shinikizo likaendelea kujikusanya chini, wakazidi kupandisha kiwango cha tahadhari. Mlipuko mkubwa ulipotokea tarehe 15 Juni, makumi ya maelfu ya wakazi walikuwa wameshaondolewa.