Timu ya Kikapu Inayosuasua: Ihame au Ibaki?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimekuwa mshabiki wa Memphis Grizzlies tangu walipomchukua Mtanzania mwenzetu, Hasheem Thabeet, mwaka 2009, na ni hivi karibuni tu nilipofahamu kwamba timu hiyo ilihamia Memphis kutoka Vancouver, nchini Kanada. Rafiki yangu anashikilia kwamba timu ya kulipwa inayofungwa kila msimu, tena mbele ya viti vitupu, haina budi kupelekwa mji mwingine ikaanze upya. Mimi naona huko ni kuwadhulumu mashabiki. Ni nani kati yetu mwenye hoja? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki yako anachanganya mambo mawili ambayo hayana budi kutenganishwa, yaani timu kufungwa uwanjani na timu kupata hasara katika hesabu zake. La kwanza halitibiwi kwa kuhama, na ushahidi ulio wazi kabisa ni wa hiyo hiyo Grizzlies unayoipenda. Iliingia NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mwaka 1995, na katika misimu sita ya Vancouver haikuwahi kushinda zaidi ya michezo 23 kwa msimu. Msimu wake wa mwisho huko ilishinda 23 na kufungwa 59. Ikahamia Memphis mwaka 2001, ikapokewa na mashabiki wapya waliokuwa na hamu kubwa, na ilipofika mwisho wa msimu wa kwanza ilikuwa imeshinda 23 na kufungwa 59, hesabu ile ile bila kupungua wala kuzidi.

Kilichoibadilisha ni uongozi. Mwaka 2002 aliajiriwa Jerry West, mtu aliyekuwa ameijenga timu ya Lakers ya Los Angeles kwa miaka mingi, naye akamweka Hubie Brown kuwa kocha. Msimu wa 2003/04 timu ikashinda michezo 50 na kuingia mechi za mtoano kwa mara ya kwanza tangu izaliwe. Seattle SuperSonics nayo ilipohamishiwa Oklahoma City mwaka 2008 na kuitwa Thunder, ilianza maisha mapya kwa ushindi wa michezo 23 tu, kisha msimu uliofuata ikafikisha 50. Lakini Kevin Durant na Russell Westbrook, vijana walioipandisha, walichaguliwa katika drafti, yaani zoezi la kila mwaka ambalo timu hupokezana kuchagua wachezaji chipukizi, timu ingali Seattle, na meneja Sam Presti aliyewachagua alikuwa ameajiriwa huko huko. Mbegu ilipandwa Seattle, mavuno yakaliwa Oklahoma City, na ndiyo maana uchungu wa watu wa Seattle haujaisha hadi leo. Simlaumu hata kidogo mshabiki wa Oklahoma City aliyeshangilia ubingwa wa mwaka 2025, kwa kuwa si yeye aliyevunja nyumba ya mwenzake.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hiyo ndiyo sababu halisi ya timu kuhama. Mapato ya televisheni ya taifa zima hugawanywa sawasawa kwa timu zote za NBA, lakini viingilio, vyumba maalumu vya matajiri, maegesho na vinywaji hutegemea uwanja ulipo na mkataba wa pango uliosainiwa. Kwa hiyo mmiliki anapolalamika kwamba mji umeshindwa kuitunza timu, mara nyingi anachodai ni uwanja mpya, tena kwa fedha za walipa kodi. Clay Bennett na wenzake waliinunua SuperSonics mwaka 2006 kwa dola milioni 350, wakataka uwanja mpya, bunge la jimbo la Washington likakataa kuugharimia, nao wakaondoka wakati mkataba wa pango ulikuwa unaendelea hadi mwaka 2010. Mji ulikwenda mahakamani, na shauri likamalizwa kwa maelewano ya dola milioni 45. Timu iliyokuwa na mashabiki tangu mwaka 1967, na ubingwa wa mwaka 1979, ilikwenda kwa bei hiyo.

Nakiri kwamba Vancouver ilikuwa kesi ngumu zaidi. Mishahara ya wachezaji ililipwa kwa dola za Marekani ilhali tiketi ziliuzwa kwa dola za Kanada, ambazo thamani yake ilikuwa imeshuka sana. Hata hivyo ligi yenyewe ilikuwa imeifunga timu hiyo mikono kwa kuinyima nafasi ya kwanza katika drafti kwa miaka mitatu, kuanzia 1996 hadi 1998. Kisha Steve Francis, aliyechaguliwa wa pili mwaka 1999, akakataa katakata kwenda kuichezea. Ningeiongezea muda kabla ya kuihukumu.

Mfano ninaoutetea ni wa Sacramento. Kings walikuwa na timu mbovu, uwanja uliochakaa na wamiliki waliokwisha kukubaliana na wanunuzi wa kuipeleka Seattle. Meya Kevin Johnson, mchezaji wa zamani wa NBA, alitafuta wanunuzi watakaoibakiza, wakiongozwa na Vivek Ranadivé, na Mei 2013 wamiliki wa timu za ligi walipiga kura 22 kwa 8 kuzuia uhamisho. Uwanja mpya ulifunguliwa mwaka 2016, kwa mchango mkubwa wa fedha za umma ambao wakazi walikuwa na haki ya kuuhoji. Ubora haukuja haraka, kwani mechi za mtoano zilirejea mwaka 2023 tu, lakini timu ipo. Kwa maoni yangu, timu isiruhusiwe kuhama hadi itakapothibitika kwamba hakuna mnunuzi wa pale pale aliye tayari kutoa bei ya haki. Hoja yako, basi, ndiyo ninayoiunga mkono.

SWALI: Timu ikishahama, jina na vikombe vinabaki kwa nani? – Msomaji wa kike, Mombasa.

JIBU: Dada yangu, inategemea makubaliano. Lakers walitoka Minneapolis mwaka 1960 wakabeba jina pamoja na mataji matano waliyoyapata huko, na mataji hayo yanahesabiwa miongoni mwa 17 yao. Jazz walitoka New Orleans mwaka 1979, na jina la muziki wa mji ule likaenda Utah. Charlotte walipoteza Hornets, iliyohamia New Orleans mwaka 2002, wakapewa timu mpya mwaka 2004, na ilipofika mwaka 2014 wakarejeshewa jina na kumbukumbu zao za zamani, baada ya New Orleans kujiita Pelicans. Seattle walilinda jina na rangi zao ndani ya yale maelewano ya mwaka 2008, lakini walilazimika kwenda mahakamani kwanza. Kwa sababu hiyo naona kila mji unaoikodishia timu uwanja uandike katika mkataba wa pango, tangu siku ya kwanza, kwamba jina, rangi na kumbukumbu ni mali ya mji.