Kiti laini cha baiskeli na tatizo la ganzi

SWALI: Ndugu Mshauri, kwa kuwa nilikuwa nikiumia makalio kila nilipoendesha baiskeli kwa muda mrefu, nilinunua kiti kipana chenye sponji nene. Maumivu yalipungua, lakini sasa ninapata ganzi katikati ya mapaja. Je, nitafute kiti laini zaidi?

JIBU: La hasha, ndugu msomaji. Uzito wa mwendeshaji unapaswa kubebwa na ile mifupa miwili ya chini ya nyonga unayoihisi unapokalia ubao mtupu. Sponji inapokuwa laini kupita kiasi, mifupa hiyo huzama, nayo sehemu ya katikati ya kiti hutuna na kubana mishipa ya fahamu na ya damu inayopita hapo, na ndipo ganzi inapoanza. Kinachotakiwa ni kiti kigumu kiasi, chenye upana unaolingana na mifupa yako.

Kipimo chake unaweza kukichukua nyumbani. Weka kipande cha boksi juu ya stuli ngumu, ukikalie huku umeinama mbele kama uendeshavyo, kisha inuka upime umbali kutoka katikati ya bonyeo moja hadi katikati ya la pili. Kwa watu wengi umbali huo huwa kati ya milimita 100 na 150. Ukiongeza milimita 20 hadi 30 utapata upana wa kuanzia, ingawa anayeendesha akiwa wima huhitaji zaidi kidogo kuliko anayeinama sana. Kiti chenye mfereji katikati huwasaidia wengi wenye tatizo kama lako.

Hata hivyo, nakusihi usinunue chochote kabla ya kukagua namna kiti ulichonacho kilivyofungwa. Kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unapaswa kunyooka. Ikiwa nyonga zinayumba huku na huku unapokanyaga, kiti kiko juu mno na ngozi itachubuka. Kiweke sawasawa kwa pimamaji, na ganzi ikiendelea, inamisha ncha yake ya mbele nyuzi 1 au 2 tu, kwa maana ukizidisha utateleza mbele na uzito utahamia mikononi. Badilisha jambo moja kwa wakati, uendeshe siku kadhaa, ndipo uguse lingine.

Ganzi ikikujia safarini, simama juu ya pedali mara kwa mara ili damu ipite. Ikiwa haiondoki hata baada ya kushuka, muone daktari bila kuchelewa.