Maswali ya Wasomaji: Skafu Yangu Kila Nikifuma Inazidi Kuwa Nyembamba

SWALI: Ndugu Mhariri, nina miezi miwili tu tangu nianze kujifunza kroshia, yaani kufuma uzi kwa sindano moja yenye ndoano. Kikundi chetu kimekubaliana kufuma skafu za kuwapa watu wanaolala nje katika majira ya baridi, na mimi nimeanza yangu mara tatu. Kila mara huanza na upana mzuri, lakini nikifika katikati imekwisha kuwa kama mkanda. Je, nakosea wapi? Nina pia mabunda ya uzi wa sufu wa siku nyingi, je, nautumie? Na skafu yenye makosa yafaa kumpa mtu?

JIBU: Ndugu msomaji, mkono wako hauna tatizo, tatizo liko katika hesabu. Mshono wa mwisho wa kila safu hulala upande na kujificha, kwa hiyo anayeanza huuona kama ukingo tu, akaugeuza ufumaji kabla ya kuufuma. Ukiupoteza mshono mmoja katika kila safu, skafu iliyoanza na mishono 24 itabaki na 14 baada ya safu kumi tu, na huo ndio mkanda unaousema.

Anza upya hivi. Tumia uzi wa unene wa kati na sindano ya kroshia ya milimita 6, kisha funga fundo la kitanzi na ufume mnyororo wa pete 25. Usiukaze, kwa maana mnyororo uliokazwa huifanya ncha ya skafu ijikunje. Ikiwa mkono wako ni mzito, fuma mnyororo huo kwa sindano kubwa zaidi, halafu urudi kwenye ya milimita 6. Ruka pete iliyo karibu kabisa na sindano, ingiza sindano katika ya pili, vuta uzi upite ili upate vitanzi viwili, kisha zungusha uzi na uuvute upite katika vyote viwili. Huo ni mshono mmoja. Ukifika mwisho wa mnyororo utakuwa na mishono 24, yaani upana wa takriban sentimita 18.

Sasa fuma pete moja, geuza kazi, na hapa uwe mwangalifu: pete hiyo ya kugeuzia haihesabiwi kuwa mshono, kwa hiyo mshono wa kwanza wa safu mpya unaingia papo hapo chini yake, si katika tundu linalofuata. Chomeka pini ndogo katika mshono wa kwanza na wa mwisho wa kila safu, ukizihamisha kadiri unavyopanda, na uhesabu vichwa vya mishono, ambavyo ukivitazama kwa juu vinafanana na herufi V. Kuhesabu kila safu kunachosha, nakiri, lakini kufumua safu kumi kunachosha zaidi. Baada ya safu ishirini hivi macho yako yatauona ukingo yenyewe, na hapo utaweza kuhesabu mara moja moja.

Ukiona kitambaa kinakuwa kigumu kama mkeka, ingiza sindano katika uzi wa nyuma pekee wa hiyo V badala ya nyuzi zote mbili. Utapata mifereji inayonyumbulika, na shingo ya mtu hupenda kitu kinachonyumbulika. Endelea hadi urefu wa sentimita 150 au 180. Kazi hiyo hula kiasi cha gramu 200 hadi 250 za uzi. Jihadhari pia na maelekezo ya kusoma, kwa sababu jina moja la mshono humaanisha kitu kimoja kwa Wamarekani na kingine kwa Waingereza, na wengi wameharibu kazi kwa kutojua hilo.

Kuhusu sufu yako, ni kweli kwamba hutia joto hata ikipata unyevu, lakini ikifuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa hujikaza na kusinyaa, na huwasha ngozi za watu wengine. Mtu asiye na makazi hufua anapopata nafasi, pengine kwa mashine ya wote, wala hatapata beseni la kufulia skafu peke yake kwa upole. Kwa ajili yake chagua akriliki, yaani uzi wa kiwandani usio wa sufu, tena ya rangi iliyokoza isiyoonyesha uchafu upesi. Ile sufu ifumie wewe mwenyewe, baada ya kuikagua kama haijaliwa na nondo.

Makosa si yote sawa. Mshono mmoja uliopinda katikati hauna madhara, mpokeaji hatauona. Tundu, ukingo unaopungua, au uzi wa mwisho uliokatwa karibu na fundo, hivyo havivumiliki, kwani skafu itafumuka shingoni mwake. Acha mkia wa sentimita 15, uupitishe kwa sindano butu ndani ya mishono kwenda upande mmoja kisha urudi upande wa pili, ndipo ukate. Fua skafu kwa sabuni isiyo na manukato, ianike ikiwa imelazwa, na usiipige pasi ya moto, kwa kuwa akriliki hulegea na haipati tena umbo lake.

SWALI: Je, naweza kufuma nyingine ndogo zenye vishada kwa ajili ya watoto wa chekechea?

JIBU: La. Skafu inaweza kunasa katika bembea au mlango na kumkaba mtoto, na vishada huongeza hatari. Wafumie kofia, ila kwanza waulize wanaozigawa wanahitaji za vipimo gani.